Mnada wa Jumapili

Katika bonde la Glenaskeha, kule Ireland, ukitaka kitu cha mtu huombi. Unakwenda kwake, unakaa, unakunywa chai, unazungumzia mvua iliyonyesha, inayonyesha na itakayonyesha. Unapoaga, mkono ukiwa tayari kwenye komeo la mlango, unakitaja kile kitu kana kwamba kimekuponyoka mdomoni. Mwenye nacho hasemi ndiyo wala hapana. Anasema jambo jingine kabisa, na wewe unarudi nyumbani ukijua kama umepata au umekosa. Mgeni anaweza kuishi huko miaka mingi asijue watu hawa wanaelewanaje. Mena Tobin alizaliwa bondeni, akaolewa hapo hapo, akazeekea hapo hapo, na alidhani dunia nzima huzungumza hivyo.

Mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka sabini na moja na nyonga moja mbovu. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia kwamba Oktoba ikifika nyonga itatolewa na atawekewa ya chuma, na kuanzia hapo atembee barabarani kama watu wazima wenzake, vilima avitazame dirishani. Mena hakubisha. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: kuipanda njia ya kilimani ipitayo kwa Drohan mara moja tena, katika mbio za Jumapili ya Matunda, namba ikiwa kifuani na wenzake wakiwa mbele yake, kutoka ua wa Drohan mpaka Mwanyani kule juu na kushukia upande wa pili. Akishalipata hilo, waje na chuma chao.

Jumapili ya Matunda ni ile ya mwisho ya Julai. Zamani, kabla ya mambo ya namba, vijana wa bonde walipanda kilima cha Knockrua siku hiyo kuchuma fraughan, vitunda vidogo vyeusi vinavyoota karibu na ardhi na kuyapaka meno rangi ya wino. Wazazi walijua fika kwamba hakuna kijana anayepoteza mchana mzima kwa ajili ya vitunda. Ndoo zilirudi nusu tupu, na kabla ya Krismasi padri alikuwa na ndoa za kutangaza. Mena alipanda mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na saba, amevaa sweta la kuazima la dada yake, na huko juu akamkuta Colman Tobin amekaa juu ya jiwe, ndoo yake haina hata tunda moja.

"Umechuma nini mchana kutwa?" alimuuliza.

"Upepo. Nimejaza ndoo nzima. Nikuonjeshe?"

"Huna haya wewe."

"Nilikuwa nayo. Nimeiacha kule chini, ilikuwa nzito kupanda nayo."

Ndivyo lilivyoanza jambo lao. Colman alikuwa mtu wa kukimbia, lakini si kwa ajili ya medali. Alikimbia kwa sababu kutembea kulimchelewesha kufika mahali alipotaka kukaa na kutazama. Walipooana akamwambukiza Mena ugonjwa huo huo, enzi ambazo mwanamke akionekana anakimbia barabarani gari lilisimama kumuuliza nani amekufa. Na vijana walipoanza kuhamia mijini na Jumapili ya Matunda ikawa siku ya wazee kulala, ni Colman aliyesema kwenye baa, "Kama hawapandi tena kwa mapenzi, basi tuwapandishe kwa mashindano." Watu walicheka. Kisha hao hao waliocheka wakaja kuandikisha majina.

Njia ya maana ilikuwa moja tu. Ilianzia ukumbi wa parokia, ikafuata kichochoro kati ya kuta mbili za mawe, ikakatiza katikati ya ua wa Malachy Drohan mbele ya dirisha la jikoni kwake, ikapita geti la chuma, ikaingia kwenye kinamasi cheusi ambacho kila mwaka kilimvua mtu kiatu. Halafu ilipanda kwa mapito ya kondoo mpaka pale wanapopaita Mwanyani, ambapo kilima kimejikunja na upepo hauna adabu. Kutoka hapo unakimbia juu ya mgongo wenyewe, maziwa mawili yako chini yako mkono wa kushoto, na mawingu yakiwa na huruma unaiona bahari kule Dungarvan. Kisha chini, chini, magoti yakilia, mpaka kanisani. Mena aliijua njia hiyo kwa nyayo. Usiku akikosa usingizi alikuwa anaipita kichwani, na mara nyingi alisinzia kabla ya kinamasi.

Tatizo lilikuwa Malachy. Baba yake alikuwa ameapa kwamba hakuna mguu wa mtu utakaokanyaga ardhi ya Drohan bila kazi, na Malachy mwenyewe aliogopa mawakili kuliko shetani, kwa kuwa alisikia kwamba ukimruhusu mtu kupita kwako akavunjika mguu, mguu huo unakuwa wako. Basi mwaka wa kwanza kabisa Colman alikwenda kwake mwezi Juni, akanywa chai, akaisifu mvua, na alipofika mlangoni akalitaja lile jambo. Malachy alikuna kidevu.

"Jumapili ya mwisho ya Julai? Siku hiyo sitakuwepo. Nitakuwa mnadani."

Sasa, hakuna mnada wa ng'ombe siku ya Jumapili katika Ireland nzima. Hata ng'ombe wenyewe wanalijua hilo. Lakini mtu ambaye hayupo hawezi kuona nani anapita uani kwake, na asiyeona hakuruhusu kitu. Colman alimwambia, "Basi uuze vizuri," akateremka akipiga mluzi.

Ikawa desturi. Kila Juni chai, kila Julai Malachy mnadani. Siku ya mashindano kila mkimbiaji aliyepita uani aliliona pazia la jikoni likitikisika, na nyuma ya pazia pua ya Malachy. Colman hakukosa kupiga kelele, "Bei zikoje leo?" na sauti ikamjibu kutoka ndani, "Mbaya! Mbaya kabisa!" Wageni waliotoka mbali walidhani nyumba ina kichaa. Mwaka mmoja kijana wa Tipperary aliteguka kifundo kwenye geti la chuma, na Malachy akatoka na ndara zake, akambeba mgongoni mpaka jikoni, akamfunga kitambaa, akampa chai yenye wiski. Kijana alimshukuru sana.

"Usinishukuru mimi," alisema Malachy. "Mimi niko mnadani."

Hizo zilikuwa siku njema, na Mena hakuona haya kusema hivyo mbele ya yeyote. Colman alipofariki, chai ya Juni ikawa kazi yake, na kelele za kuuliza bei zikawa zake pia. Mara ya kwanza alipopiga kelele hizo peke yake, sauti ya ndani ilichelewa kidogo kujibu, kisha ikasema taratibu, "Mbaya, Mena. Mbaya kweli." Alilia kutoka uani mpaka kwenye kinamasi, na kule akapoteza kiatu.

Malachy naye akafa, majira ya kuchipua. Mwaka huo hapakuwa na mashindano, kwa heshima yake, na pia kwa sababu nyumba ilikuwa imefungwa wakati mawakili wakimtafuta mrithi. Walimpata Coventry, Uingereza: Majella Drohan, binti wa mdogo wake Malachy, mwanamke wa makamo aliyeendesha mabasi maisha yake yote na kuchoka nayo. Alihamia Februari na masanduku mawili na paka.

Mena alisubiri mpaka Juni kama ilivyopasa, akaoka mkate wa magadi, akapanda kichochoro. Majella alimpokea vizuri, akampa kiti kizuri.

"Chai?" aliuliza.

"Aa, hapana, usijisumbue," alisema Mena, kama mtu yeyote aliyelelewa.

"Haya," alisema Majella, na akaketi.

Mena akalitazama birika. Birika likamtazama. Kule bondeni unakataa mara ya kwanza, unakataa mara ya pili, na mara ya tatu unasema basi, tone tu, kisha unakunywa vikombe vitatu. Majella aliuliza mara moja, akajibiwa, akaridhika. Walizungumzia mvua koo zikiwa kavu. Majella alisema mvua ni mvua, na mazungumzo hayo yakaishia hapo. Ikabidi Mena aage mapema.

"Jumapili ya mwisho ya Julai," alisema akiwa ameshika komeo, "huwa kuna watu wachache wanaokimbia kimbia huku kilimani."

"Nimesikia! Baba alinisimulia. Ni ile ya matunda, sivyo?"

"Hiyo hiyo. Malachy, Mungu amlaze pema, siku hiyo alikuwa akienda mnadani."

"Mnadani?" Majella alicheka. "Mimi sina ng'ombe, Bi Tobin. Usiwe na wasiwasi. Mimi nitakuwa hapa hapa nyumbani. Siku nzima."

"Siku nzima?"

"Asubuhi mpaka jioni. Sitoki hata kidogo."

Na akatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomchoma Mena kuliko maneno, maana hakuwahi kuona mtu akikataa kwa furaha namna ile. Aliteremka kichochoro polepole. Kwenye ngazi ya mawe ya kuvukia ukuta aliketi, akautazama Mwanya kule juu, na akajua kwamba mara ya mwisho alipoupita ndiyo ilikuwa ya mwisho kweli, na hakuwa na habari, hakugeuka hata kuangalia nyuma.

Ultan Kiely, mwenye baa, ndiye alikuwa mwenyekiti wa mashindano baada ya Colman. Alimsikiliza huku akifuta bilauri moja ile ile.

"Kasemaje hasa? Neno kwa neno."

"Nitakuwa hapa hapa nyumbani."

"Lo!"

"Siku nzima."

"Siku nzima! Hata asubuhi hakutuachia!"

"Sitoki hata kidogo."

Ultan aliiweka bilauri chini. "Malachy alikuwa mgumu, lakini hakuwahi kututukana hivyo."

"Labda niende tena," alisema Mena. "Labda hakunielewa."

"Umuulize tena ili iweje? Umlazimishe mwanamke wa watu atamke hapana kwa mdomo wake? Tutamtazamaje kanisani?"

Angekuwa yeye mwenyekiti, Mena angesema hayo hayo. Njia ikahamishiwa barabarani. Wangekimbia lami, kukizunguka kilima kwa chini, kupita mwisho wa kichochoro cha Drohan bila kuingia, mpaka kanisani. Aliyetaka kuona maziwa akanunue kadi ya posta.

Kuanzia hapo kila alichofanya Majella kilithibitisha ubaya wake. Wiki ya mwisho ya Julai alionekana huko juu na fyekeo, anafyeka magugu yaliyoota kwa misimu miwili bila miguu ya watu, kuanzia geti la chuma kwenda juu. "Anasafisha apate kuweka uzio," alisema Ultan, na baa nzima ikaguna. Alionekana akitoka mjini na gari limejaa makasha. "Nyaya," walisema. "Na nguzo." Hakuna aliyemuuliza. Kwenye misa walimsalimia kwa upole wa kutisha, wakimwambia siku ni nzuri, asante Mungu, na yeye aliitikia kwamba ni nzuri kweli na anangoja Jumapili kwa hamu. "Umemsikia?" walinong'onezana nje. "Kwa hamu!"

Siku ya mashindano jua lilitoka, jambo lililowaudhi wote, maana siku kama hiyo kule Mwanyani ungeona mpaka mwisho wa dunia. Wakimbiaji walijipanga mbele ya ukumbi, vijana wenye miguu mirefu na saa kubwa za mkononi, na nyuma kabisa Mena na sweta lake kiunoni. Ultan alikaa kwenye gari lake, taa zikiwaka na kuzimika, tayari kumfuata wa mwisho. Kengele ikagongwa wakaenda.

Lami haina huruma kwa nyonga. Kilimani kila hatua ni tofauti na mwili unagawana kazi. Barabarani hatua ni ile ile, na maumivu ni yale yale mahali pale pale. Kabla ya daraja wote walikuwa wamekwisha kupotea mbele ya Mena, na gari la Ultan lilikuwa linanguruma nyuma yake.

"Mena!" Ultan alitoa kichwa dirishani. "Kwa mwendo huu injini yangu itazimika."

"Basi shuka ukimbie, tumbo lako lipate kazi."

"Tumbo langu linafanya kazi siku zote. Wewe panda garini, mama, hakuna atakayekusema."

"Nitasemwa na mimi mwenyewe."

Alikuwa ameamua kumaliza tu, basi. Hakuna kilichomfurahisha. Upande wa kulia Knockrua ilimfuata kila alipopinda, na yeye aliangalia lami.

Mwisho wa kichochoro cha Drohan palikuwa na geti lililoachwa wazi na kushikizwa kwa kamba ya bluu lisijirudie. Wakimbiaji wote walikuwa wamelipita bila kuligeukia. Na pale getini alisimama Majella, amevaa aproni safi, uso umemwiva, anatazama barabara kule walikopotelea wale wa mbele. Alipomwona Mena alimkimbilia.

"Bi Tobin! Mbona wanapita huku? Wamepotea? Nimewapungia mikono, nao wakanipungia, wakaenda zao!"

Mena alisimama. Gari la Ultan nalo likasimama.

"Njia mwaka huu ni hii," alisema Mena.

"Kwa nini? Mimi nimewangoja. Nilikwambia nitakuwepo."

"Ndiyo, ulisema." Mena aliitazama ile kamba ya bluu. "Ulisema utakuwa nyumbani siku nzima."

"Ndiyo! Ili niwapokee! Ningekwambia nini zaidi ya hapo?"

Paka alitoka kichochoroni akawatazama. Mena alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, maana mara moja aliyaona yote: kikombe alichonyimwa kwa sababu alikikataa mwenyewe, fyekeo, makasha, ile hamu ya kanisani. Mtu alikuwa amewafungulia mlango wazi kabisa, nao parokia nzima walipita mbele yake wakimpungia mkono.

"Yesu, Maria na Yosefu," alisema Ultan ndani ya gari.

"Tulidhani umetukataza," alisema Mena.

"Kuwakataza? Lini?"

Hapo Mena alijaribu kueleza habari ya Malachy na mnada, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa upuuzi masikioni mwake mwenyewe. Majella alisikiliza mdomo wazi. Kisha hakucheka, na Mena angependa sana acheke. Aligeuka tu akaanza kupanda kichochoro, na Mena akamfuata.

Uani palikuwa na meza mbili ndefu zilizotandikwa shuka za kitanda. Juu yake vikombe vipya vingi, bado vina vibandiko vya duka, sahani za sandwichi za nyama ya nguruwe zilizofunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, mikate ya zabibu iliyokatwa na kupakwa siagi. Mabirika mawili makubwa yalikuwa yanatoa mvuke. Nzi mmoja alikuwa ameanza kula.

"Baba aliondoka hapa akiwa na miaka kumi na tisa," alisema Majella, akivipanga upya vikombe ambavyo vilikuwa vimepangika. "Kila Julai kule Coventry alisema, sasa hivi wanapanda. Sasa hivi wako kwenye kinamasi. Nikajiambia safari hii nitawaona kwa macho yangu. Sikujua huku watu wanaongea kwa mafumbo."

Mena aliirudia barabara mbio, nyonga au si nyonga, mpaka alipolishika dirisha la gari la Ultan.

"Nenda kanisani. Wote waliomaliza na wasiomaliza, walete huku. Wote, Ultan!"

"Niwaambie nini?"

"Waambie sisi ni wajinga. Na waambie kuna chai."

Ultan aligeuza gari kwa fujo ambayo haikuwahi kuonekana kwenye barabara ile.

Mena aliporudi uani, Majella alikuwa amesimama kwenye geti la chuma. Lilikuwa wazi. Nyuma yake njia ilipanda kilimani, pana na safi, magugu yamelazwa pande zote mbili.

"Nimefyeka mpaka Mwanyani," alisema. "Huko juu zaidi sikujua inapita wapi. Nenda, Bi Tobin. Angalau mtu mmoja aipite."

"Twende wote."

"Mimi siwezi kukimbia."

"Na mimi siwezi. Twende."

Walikwenda hivyo hivyo, Mena akikimbia hatua chache na kutembea chache, Majella akihema nyuma yake na aproni yake. Kinamasi kilikuwepo, kilikuwa na njaa ile ile. Mapito ya kondoo yalikuwepo. Mena alitaja kila kitu kwa sauti, hapa Colman alianguka, hapa ndipo tulipokuwa tunakunywa maji, na hakujali kama anasikika au hasikiki. Walipofika Mwanyani upepo uliwapiga bila adabu, na maziwa mawili yalikuwa chini yao, na bahari ilikuwa mahali pake. Mena alimshika Majella mkono ili asiyumbe, na ndipo alipohisi kiganja chake. Alikigeuza. Kilikuwa malengelenge matupu, mengine yamepasuka.

Mena Tobin hakuwahi kuomba kitu katika maisha yake. Hata Colman hakumwomba; alimngoja tu mpaka akaelewa. Aliutazama mkono ule muda mrefu.

"Majella," alisema, na sauti yake ilitoka ya ajabu, kama ya mtoto anayesoma mbele ya darasa. "Naomba utupe ruhusa ya kupita kwako. Si kwa ajili yangu, mimi Oktoba nawekewa chuma. Naomba kwa ajili ya hao wengine, mwakani na miaka mingine."

"Ndiyo," alisema Majella.

Mena alingoja aongeze kitu. Hakuongeza. Lilikuwa neno dogo mno kwa kitu kikubwa hivyo, na lilimwingia moja kwa moja mpaka akaketi chini kwenye majani na kulia waziwazi, na Majella aliketi karibu naye akitazama maji.

Kelele zikawafanya wainue vichwa. Chini kule kichochoro kilikuwa kimejaa watu. Wengi walikomea kwenye meza, lakini baadhi hawakusimama. Walikatiza ua, wakapita geti la chuma, wakaingia kwenye kinamasi, namba zikiwa bado vifuani, wanapanda. Mtu alipoteza kiatu, walisikia matusi yake. Wa kwanza kufika Mwanyani alikuwa msichana mrefu wa Clonmel, amejaa tope mpaka magotini, amekwisha kukimbia mashindano mazima ya lami na sasa anaanza mengine. Nyuma yake wakaja watano, wanane, kundi zima, wakihema, wakizunguka zunguka pale juu.

"Bi Mena!" alisema yule msichana. "Hakuna vibendera. Kutoka hapa tunaelekea wapi?"

Mena aliangalia pande zote. Ni kweli, hakuna aliyeweka bendera hata moja kwenye kilima mwaka ule. Kati ya watu wote waliokuwa pale, njia ya mgongoni mpaka kanisani ilikuwa ndani ya miguu ya mtu mmoja tu. Alisimama, akafuta uso kwa sweta, akalifunga tena kiunoni.

"Nifuateni," alisema, na akaanza kukimbia.